Kuchaji haibridi safarini Malindi na Lamu: anza na soketi

Gari la haibridi la kuchaji (PHEV au PHV), lenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa ukutani, halikwami njiani kwa kuishiwa chaji. Betri ikifika chini, injini ya petroli hushika kazi na safari inaendelea. Kwa hiyo anayetoka Mombasa kwenda Malindi hana haja ya kusaka kituo cha chaji kama mwenye gari la umeme mtupu. Cha kuangalia ni ukuta wa nyumba atakayolala: soketi ya pini tatu iliyokula upepo wa chumvi miaka kumi, ambayo tangu ifungwe haijabeba kitu kizito kuliko feni na chaja ya simu. Birika la umeme huvuta umeme sawa na gari au zaidi, lakini kwa dakika nne. Gari huvuta saa tano bila kupumzika, na hapo ndipo plagi huyeyuka.

Hesabu kwanza

Yuniti 1 ya tokeni ni kilowati 1 iliyotumika kwa saa 1, na betri ya gari hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mitsubishi Outlander PHEV za mwanzo zina betri ya yuniti 12, zilizofuata 13.8, na zile za umbo jipya 20. Toyota Prius PHV ya umbo la 2017 ina 8.8. Gari lenyewe haliachi betri iishe kabisa wala ijae kabisa, na wakati wa kuchaji umeme kidogo hupotea kuwa joto. Ukijumlisha yote, Outlander ya 12 itakula ukutani takriban yuniti 10 kutoka chini hadi kujaa, na Prius takriban 7.

Umeme wa Kenya ni volti 240. Zidisha kwa ampea upate wati: ampea 10 ni kilowati 2.4, ampea 8 ni 1.9, ampea 6 ni 1.4. Outlander hiyo basi hujaa kwa saa 4 na kidogo kwenye ampea 10, saa 5 na robo kwenye 8, na saa 7 kwenye 6. Ukichomeka saa tatu usiku kwa ampea 6, saa kumi alfajiri gari limejaa, na wewe hujaamka. Ndiyo maana hatuoni sababu ya mtu anayelala kulazimisha ampea 10 kwenye soketi asiyoijua.

Fanya na hesabu ya pesa. Yuniti hizo 10 zitakupeleka kama km 35 hadi 45, na safari hiyo hiyo kwa petroli ingekula lita 3 hivi. Kwa hiyo kipimo ni chepesi: mwenye nyumba akikutajia bei ya chaji inayozidi bei ya lita 3, mshukuru na utumie petroli. Gari linakuruhusu, na huna deni na mtu.

Kebo iliyokuja na gari

Magari mengi ya aina hii huingia nchini kutoka Japani yakiwa yametumika, na kebo yake huwa ya huko: ya volti 200, yenye plagi isiyoingia katika ukuta wowote wa hapa, na huvuta ampea 15 au 16. Kosa linalorudiwa sana ni kuikata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu ya kwetu. Plagi ya kwetu ni ya ampea 13, na mtu hujituliza kwamba mzigo ukizidi fyuzi itakatika. Haikatiki. Fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia ampea 16 kwa saa nyingi, na muda wote huo plagi na soketi zinajipika polepole. Kama kebo ni ya volti 100, usiiguse kabisa kwenye 240.

Nunua chaja ya kubeba iliyoandikwa volti 220–240, yenye kitufe cha kuchagua ampea (6, 8, 10), plagi ya pini tatu iliyoundwa kiwandani, na kichwa kinacholingana na tundu la gari lako. Magari ya Japani huwa na Taipu 1: mviringo, matundu matano. Ukipata chaja yenye kipima joto ndani ya plagi yenyewe, ongeza pesa uichukue, kwa maana hiyo hujipunguza au kujizima plagi ikipata moto. Urefu wa mita 5 hautoshi. Chukua mita 8 hadi 10, kwa sababu nyumba nyingi za wageni magari huegeshwa chini ya mwarobaini, mbali na ukuta.

Vituo vya chaji vya umma, mahali vilipo, vingi hutumia Taipu 2. Adapta ya Taipu 2 kwenda Taipu 1 hufanya kazi vizuri kwa chaji ya kawaida, maana aina zote mbili huongea na gari kwa lugha moja. Ila usidanganyike na namba kubwa ya kituo. Chaja iliyo ndani ya gari ndiyo inayoamua, na katika haibridi nyingi hupokea kilowati 3 na kitu tu, hata kituo kikiwa cha 22. Outlander na baadhi ya Prius zina tundu la pili la chaji ya haraka ya CHAdeMO, ambalo hujaza hadi asilimia 80 kwa nusu saa hivi. Ukibahatika kukuta kituo chenye kebo hiyo, vizuri. Kununua adapta ya kugeuza aina nyingine kuwa CHAdeMO kwa ajili ya betri ndogo namna hii ni kutupa pesa.

Eksitensheni: afadhali usiitumie. Ikibidi, iwe ya tundu moja, nyaya zake ziwe za milimita mraba 2.5, isizidi mita 10, na ikiwa ni ya kuzungusha kwenye gurudumu, ifungue yote hadi mwisho. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Katikati ya gurudumu plastiki hulainika na nyaya kugusana. Ile ya matundu manne au sita ya kuchomekea televisheni na simu haifai hata kwa ampea 6.

Kuikagua soketi

Fanya kazi hii mchana, kabla hujatoa begi garini. Kwanza itazame. Kahawia kuzunguka tundu, plastiki iliyopinda au alama ya moshi maana yake imeshaungua mara moja, na itaungua tena. Ingiza plagi: iingie kwa kubana na ikae imara. Ikicheza au ikining'inia, springi za ndani zimelegea na mguso ni mdogo. Ichomoe uangalie pini zake. Zikitoka na unga wa kijani, ndani mna kutu ya shaba, ile inayoletwa na hewa ya bahari, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Pale pale penye kutu ndipo joto huzaliwa.

Soketi za nje ukutani, zinazoelekea baharini, ndizo huoza kwanza, hata zenye kifuniko. Mara nyingi soketi ya jikoni, iliyozoea birika na pasi, ni bora kuliko ile nzuri ya kwenye baraza. Dirisha la jikoni likiwa karibu na maegesho, pitisha kebo hapo.

Kisha uliza soketi hiyo inashirikiana waya na nini. Katika nyumba za zamani za Malindi chumba kizima, pamoja na kiyoyozi, huweza kuwa juu ya swichi moja ya ampea 20 kwenye sanduku la umeme. Kiyoyozi na gari pamoja vinaweza kuikatisha usiku wa manane, ukaamshwa na joto, gari likiwa nusu. Jaribio ni rahisi: zima swichi moja moja kwenye sanduku uone nini kinazimika. Mwombe msimamizi afanye yeye.

Ukianza, anza na ampea 8. Kaa hapo hapo. Baada ya dakika 30 shika plagi kwa kiganja. Vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika, ni kawaida. Ikikufanya uvute mkono, simamisha. Shusha hadi ampea 6, subiri nusu saa nyingine, shika tena. Kushusha namna hii kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu joto kwenye mguso mbovu hupungua kwa mraba wa ampea: kutoka 10 hadi 6, joto hubaki kama theluthi moja tu. Ikiwa hata kwa 6 bado inaunguza, soketi hiyo si ya gari, basi. Usijadiliane nayo.

Na angalia juu yako. Paa la makuti likikauka wakati wa kaskazi hushika moto kama karatasi. Usichaji kwenye soketi iliyofungwa juu ya nguzo ya banda la makuti, wala usiache kisanduku cha chaja kimening'inizwa kwenye fito za paa. Ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, kebo chini ambapo hakuna anayepita na tuktuk.

Erthi

Chaja nyingi za kubeba hukataa kufanya kazi zisipoona waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita erthi. Taa nyekundu huwaka, au kisanduku huandika hitilafu, na hapo mtu husema chaja imeharibika. Haijaharibika. Imekuokoa.

Beba testa ndogo ya plagi yenye taa tatu. Ni rahisi na haichukui nafasi. Ichomeke kwenye soketi kabla ya chaja. Itakuonyesha kama erthi ipo, na kama laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimebadilishana. Ujue pia mpaka wake: testa hiyo huonyesha kwamba waya wa erthi umeunganishwa, lakini haipimi ubora wa fito iliyozikwa ardhini. Huku kwetu fito hiyo mara nyingi imechomekwa kwenye mchanga, na mchanga mkavu ni adui wa erthi. Miezi ya jua kali erthi iliyokuwa nzuri wakati wa masika inaweza kuwa dhaifu. Kwa hiyo tafuta kwenye sanduku la umeme swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Mwombe msimamizi akibonyeze: umeme ukikatika papo hapo, swichi ni nzima. Nyumba isiyokuwa nayo, sisi hatungechaji gari humo.

Kuna hila moja ya kukataa katakata. Fundi akikuta chaja inalalamika, huweza kuunganisha kipande cha waya kati ya nyutro na erthi ndani ya soketi. Taa hugeuka kijani na kila mtu hufurahi. Lakini bodi ya gari imeunganishwa na erthi, na sasa erthi ni nyutro. Siku nyutro ikikatika mahali popote nyuma ya soketi, kwenye mguso uliooza au kwenye mita, bodi nzima ya gari hubeba volti 240. Mtoto ametoka kuogelea, miguu mitupu, mchanga umelowa, anashika mlango wa gari. Fundi akikupendekezea hilo, mlipe nauli yake aende.

Kuchomeka na kuchomoa

Gari likiwa limetoka barabara ndefu kwenye jua, liache lipumue nusu saa hadi saa moja kivulini. Betri ya moto haipendi kuongezewa joto la chaji. Kisha: plagi ukutani kwanza, subiri kisanduku kijikague, ndipo uingize kichwa kwenye gari hadi kilie "ka". Kuondoa ni kinyume: kichwa kwenye gari kwanza, ukuta mwisho. Ukichomoa ukutani gari likiwa linavuta, cheche huruka ndani ya soketi na kuzikwaruza pini, na soketi inazeeka mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Mvua si tatizo kwa kichwa kilichoingia kwenye gari, kimetengenezwa kwa hilo. Tatizo ni plagi na kisanduku. Visilale chini kwenye dimbwi. Vining'inize kidogo, na acha waya ufanye tumbo chini ya plagi ili maji yadondokee hapo badala ya kutiririka hadi tunduni. Ukimaliza safari ya pwani, futa pini zote kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzifungia kwenye buti. Chumvi haisubiri.

Kuomba, na kulipa

Kuchaji bila kusema ni wizi wa tokeni ya mtu, na pia ni hatari kwake. Nyumba nyingi zina mita ya kulipia kabla. Ikiwa zimebaki yuniti 6 na gari lako linataka 10, saa nane usiku nyumba nzima itaingia giza, pamoja na friza la samaki. Anza na salamu, kisha sema waziwazi: "Bwana, gari langu ni la kuchaji. Litakula kama yuniti kumi usiku huu, si zaidi. Naomba soketi, na tokeni nitanunua mimi." Omba namba ya mita, nunua yuniti 15 hapo hapo kwa simu, na uandike masalio ya mita jioni na asubuhi. Mwenye nyumba akishaona kwa macho yake kwamba gari limekula 10 kama ulivyosema, wasiwasi wake huisha, na mgeni ajaye mwenye gari kama lako hupokewa vizuri. Mweleze na askari wa zamu, asije akaichomoa ili achaji simu.

Stima ikipotea

Itapotea. Chaja nzuri huendelea yenyewe ikirudi, lakini dakika za kwanza za kurudi volti huyumba, kila friji na kiyoyozi cha mtaa kikiwaka kwa pamoja. Ukiwa macho, chomoa, subiri dakika 10, chomeka tena. Kisanduku kinachoonyesha volti ni msaada mkubwa: 225 hadi 245 ni sawa. Ikishuka chini ya 210 mara tu gari linapoanza kuvuta, waya wa nyumba ni mwembamba au mguso ni mbovu, shusha ampea. Taa za chumbani zikififia kila gari linapoanza, ni ishara hiyo hiyo.

Jenereta ya hoteli haifai kwa gari. Nyingi ndogo hazina erthi ya kweli, kwa hiyo chaja itakataa, na hata ikikubali, unachoma dizeli ya mwenzako kutengeneza umeme ambao injini yako ingejitengenezea kwa petroli. Nyumba za umeme wa jua zisizounganishwa na gridi ni habari nyingine: chaji kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ampea 6, jua likiwa juu, na uachie kabla halijashuka, ili betri za nyumba zijae kwa ajili ya taa na pampu ya maji usiku.

Barabarani

Betri ina faida kubwa mahali pa mwendo wa polepole, na hasara mahali pa kasi. Kwenye msongamano wa Nyali hadi Mtwapa tumia umeme. Barabara ikifunguka kuelekea Kilifi, bonyeza SAVE, kitufe cha kuhifadhi betri (kwenye Prius, geuza kwenda HV), ubakishe angalau theluthi ya betri, uache petroli ifanye kazi inayoiweza. Kiasi hicho kitakutosha ndani ya Malindi, matuta na tuktuk zikiwa kila upande. Ukilala Malindi na kuchaji usiku, Watamu kwenda na kurudi kupitia Gede ni safari ya umeme karibu mtupu, mradi usikimbie. CHARGE, kile kitufe cha kufanya injini ijaze betri, kiache. Kinakula petroli, na hapa soketi haziko mbali.

Kutoka Malindi hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, ni zaidi ya km 200, kupitia Garsen na Witu. Betri iliyojaa ni kama sehemu moja ya tano ya njia hiyo, basi jaza tangi Malindi na uihesabu kuwa safari ya petroli. Ondoka asubuhi mapema ufike kukiwa na mwanga, vizuizi vya usalama ni kadhaa. Vizuizi hivyo, pamoja na vituo vya kusimama vya Witu na Hindi, ndipo betri uliyoihifadhi hufaa: gari linatambaa kwa umeme, kiyoyozi kinafanya kazi, injini imezimika. Wakati wa mvua kubwa uliza hali ya barabara pale Gamba kabla hujaondoka, maji ya mto Tana huvuka barabara huko. Gari lenye betri kubwa chini ya sakafu halipaswi kuingizwa kwenye maji yasiyojulikana kina.

Mokowe gari linabaki, wewe unapanda boti. Kisiwani ni miguu na punda zaidi. Usiliache limejaa chaji wiki nzima juani. Betri ya lithiamu iliyojaa na yenye joto huzeeka haraka kuliko iliyo nusu, kwa hiyo fika na asilimia 40 hadi 60, ukitumia SAVE tangu Hindi, na tafuta kivuli. Chaja ibaki ndani ya buti, isionekane dirishani.

Kinachokufa gari likikaa si betri kubwa, ni ile ndogo ya volti 12. Ukizidi wiki mbili, tenganisha ncha yake hasi. Ila soma kitabu kwanza: kwenye baadhi ya magari haya betri hiyo imefichwa nyuma, ndani ya buti, na mlango wa buti hufunguka kwa umeme wa betri hiyo hiyo. Jua mapema pa kuliamshia gari kutoka chini ya boneti na jinsi ya kufungua buti kwa ndani, na uache nyaya za kuamshia kwenye kiti cha nyuma. Betri ndogo ikiwa imekufa, hata ungepewa soketi nzuri kuliko zote, gari halitakubali kuchaji.